Msumeno wa meza wa kubebeka: upi unamfaa fundi wa Arusha na Moshi

Fundi anayechana mbao za 2 kwa 4 apate 2 kwa 2 za dari, au anayetoa bidi za vioo (vipande vyembamba vya kushikilia kioo) kwenye vipande vya mninga vilivyobaki, anajua kazi hiyo inavyokula siku. Wengi hubeba mbao kwa toroli hadi kwa mwenye mashine kubwa, wakakaa foleni, wakalipia kila mchano, na wakirudi saiti wakakuta kipimo kimepungua milimita mbili. Msumeno wa meza wa kubebeka unaiondoa safari hiyo. Ukichagua vibaya, unabaki na kilo 30 za chuma na plastiki zinazochana mbao upande, zinazonuka moshi mchana na kurusha ubao tumboni jioni.

Dukani watu huanza kwa kuuliza wati. Wati zina nafasi yake, ila sisi tunaziweka ya tatu. Ya kwanza ni fensi, yaani ule mwongozo ambao ubao huuegemea unapochanwa. Ya pili ni umeme wa pale utakapofanyia kazi, iwe karakana ya Sakina, banda la Majengo, au kihamba (shamba la nyumbani) cha Marangu ambako nguzo ya mwisho iko mbali na nyumba inayojengwa.

Mashine nne zifuatazo zinatosha kuonyesha tofauti. Takwimu ni za matoleo ya volti 230.

| Mashine | Diski | Wati | Mizunguko kwa dakika | Kina, diski ikiwa wima | Uzito |
|---|---|---|---|---|---|
| DeWalt DWE7485 | mm 210 | 1850 | 5800 | mm 65 | karibu kilo 22 |
| DeWalt DWE7492 | mm 250 | 2000 | 4800 | mm 77 | karibu kilo 27 |
| Bosch GTS 10 J | mm 254 | 1800 | 3650 | mm 79 | kilo 26 |
| Makita MLT100 | mm 260 | 1500 | 4300 | mm 93 | karibu kilo 35 |

Mbali na hizo yapo makundi mawili ambayo hayaingii kwenye jedwali kwa sababu kila moja lina sura nyingi: misumeno ya Kichina ya bei ya chini, na mashine zinazochomelewa hapahapa mjini kwa angle (chuma cha pembe) na mota ya mkanda. Tutayafikia.

Kwanza mizunguko, maana inawapotosha wengi. Diski ndogo ya 210 inayozunguka mara 5800 na diski ya 250 inayozunguka mara 4800 zina mwendo unaokaribiana sana kwenye ncha ya jino: kama mita 63 hadi 64 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Bosch GTS 10 J ni mpole zaidi, karibu mita 48 kwa sekunde. Kwenye paini hutaona tofauti kubwa. Kwenye plaiwudi na melamini mwendo mkubwa unaacha ukingo safi zaidi, na kwenye mbao ngumu mwendo mdogo unapunguza kuungua pale mkono unaposukuma polepole. Kwa hiyo usidhani mashine yenye diski ndogo ni dhaifu kwa sababu tu ni ndogo.

Fensi

DeWalt zote mbili zina fensi inayosogea kwa meno, mfano wa raki ya stelingi ya gari. Unazungusha kitufe, mbele na nyuma vinakwenda pamoja, kisha unabana. Faida yake haiko kwenye mchano wa kwanza. Iko kwenye wa hamsini, jua limeshachoka na wewe umeshachoka, unahamisha kipimo kutoka mm 48 kwenda mm 22 na fensi bado imesimama sambamba na diski bila kuihakiki kwa futi.

Bosch GTS 10 J na Makita MLT100 zina fensi inayoteleza kwenye reli na kubanwa kwa mkono. Ikiwa mpya na imerekebishwa, inachana sawasawa. Ila unaposogeza lazima uisukume ikiwa imenyooka, uibane, kisha upime mbele na nyuma. Anayefanya hivyo kila mara hatapata shida. Anayeajiri vijana watatu wanaopokezana mashine atapata, kwa sababu mmoja wao atabana haraka, nyuma ya fensi itaingia ndani milimita moja, na ubao utabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma ya diski. Hapo ndipo mbao huungua ukingo na hapo ndipo hurushwa kwa fundi. Fensi ikikosea, ikosee kwa kufunguka nyuma kidogo, unene wa karatasi. Kujifunga kamwe.

Upana nao una hesabu yake. Shiti ya 8 kwa 4 ni mm 1220 kwa 2440. Ukiigawa katikati kwa diski inayokula mm 2.6, kila nusu inatoka karibu mm 608.7. DWE7485 inafika angalau mm 610, kwa hiyo inaimudu kazi hiyo. DWE7492 inafika mm 825, na kwa mtu wa makabati ya jikoni hiyo ni raha. GTS 10 J inaishia karibu mm 460 upande wa kulia: inatosha kwa ubavu wa kabati la juu, haitoshi kwa ubavu wa kabati la chini wenye kina cha mm 560 au 580. Makita ina meza inayovutwa upande wa kulia na nyuma. Ile ya nyuma inasaidia sana ubao wa futi 12 usiiname ukimalizikia hewani.

Hata hivyo, shiti nzima ya MDF ya mm 18 ina uzito unaozidi kilo 30. Kuiweka nzima juu ya mashine ya kilo 22 ni kutafuta ajali, maana shiti inaiburuza mashine badala ya mashine kuikata shiti. Igawe kwanza chini kwa msumeno wa mkono wa umeme na ubao ulionyooka kama reli, ukiacha mm 5 za ziada, halafu maliza kipimo kwenye meza.

Kina, na mbao zetu

Ubao wa inchi 2 ukitoka msumenoni ukiwa haujapigwa randa ni mm 50, wakati mwingine 53. Mashine zote nne zinaupita diski ikiwa wima. Ukilaza diski nyuzi 45, DWE7485 inabaki na mm 45 tu, kwa hiyo huwezi kutoa mshazari kwenye 2 kwa 4 kwa mchano mmoja. Makita inabaki na mm 64 na inapita.

Kwenye inchi 3 mambo yanabadilika. Inchi 3 ni mm 76. DWE7492 inapita kwa milimita moja, jambo ambalo kwenye karatasi ni zuri lakini kwenye ubao uliopinda halipo. Bosch ina nafasi ya mm 3. Ni Makita peke yake yenye nafasi ya kufanya kazi. Anayetengeneza topu za milango na fremu nzito za mninga kila wiki aitazame Makita hata kama wati zake ni 1500, ndogo kuliko zote kwenye jedwali. Atasukuma polepole zaidi. Anayechana inchi 3 mara moja kwa mwezi asinunue mashine kwa ajili ya siku hiyo: apitishe diski nusu ya kina, ageuze ubao akiegemeza uso uleule kwenye fensi, apitishe tena.

Mbao zenyewe zinatofautiana kuliko mashine zinavyotofautiana. Paini na saiprasi, ziwe za Sao Hill au za mashamba ya Rongai, Kilimanjaro Magharibi na Meru, ni laini lakini zina utomvu. Utomvu unaganda nyuma ya meno, diski inapata joto, na fundi anasema diski imekufa kumbe ni chafu. Ing'oe, iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni au ipake mafuta ya taa, isugue kwa brashi ya plastiki, ikaushe kabisa kabla ya kuirudisha. Mvule una tatizo lingine: ndani yake huwa na mawe ya chokaa, magumu kweli, ambayo huyaoni mpaka jino liruke. Ukisikia mlio umebadilika ghafla katikati ya mchano wa mvule, zima na uangalie meno kabla ya kuendelea. Loliondo ni mzito na unataka diski yenye makali mapya na mkono wa subira, la sivyo unatoka mweusi ukingoni.

Umeme

Mashine ya wati 1800 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8. Ya wati 2000 karibu 9. Soketi ya ampea 13 inazimudu zote. Tatizo huwa kwenye waya.

Chukua ekstensheni ya mita 30 yenye nyuzi za mm² 0.75, aina ileile inayouzwa kwa ajili ya redio na taa. Kwenye ampea 8.7 inapoteza karibu volti 13 njiani. Ya mm² 1.5 inapoteza kama volti 6. Kama nyumba tayari inapata volti 205 jioni watu wanapopika, waya mwembamba unakupeleka kwenye 190. Mota inapungua nguvu na mwendo, fundi anasukuma kwa nguvu zaidi ili kazi iishe, mkondo unapanda, na feni iliyofungwa kwenye mota hiyohiyo inazunguka taratibu kwa hiyo haipoozi. Ndivyo amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, inavyoungua. Harufu ile ya vanishi kuungua ukiisikia, umeshachelewa kidogo. Kwa hiyo: waya wa mm² 1.5 hadi mita 30, wa mm² 2.5 ukienda hadi mita 50, na kama uko kwenye ringi ufungue wote hata kama unatumia mita tano. Waya ulioviringishwa unapika wenyewe.

Kwa wanaotumia genereta, hesabu ya mwinuko husahaulika. Injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 za kupanda. Arusha iko karibu mita 1400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo genereta iliyoandikwa kVA 3 ubavuni, hapa haitoi 3. Ukipanda juu ya Marangu ni zaidi. Mota za brashi zinapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde moja. Kwa mashine za wati 1800 hadi 2000, genereta ya kVA 5 ndiyo inayokupa amani. Bosch wana dada mkubwa wa GTS 10 J, GTS 10 XC wa wati 2100, unaowaka polepole na wenye breki ya diski. Kuwaka polepole kunaipunguzia genereta mshtuko, ila uzito wake ni karibu kilo 35.

Na mitumba. Misumeno mizuri iliyotumika hufika kutoka Uingereza ikiwa na plagi ya njano yenye vidole vitatu vya mviringo. Hiyo ni volti 110 ya saiti za ujenzi za kwao. Ya Marekani ni volti 120, ya Japani ni volti 100. Ukiona bei imeshuka bila sababu, geuza mashine usome kibandiko chini. Kubadilisha plagi tu na kuichomeka kwenye 230 ni kuiua kwa sekunde chache. Transfoma ya kuihudumia inapaswa kuwa ya VA 3000 inayostahimili kazi mfululizo, ina uzito wa mfuko mdogo wa saruji, na pesa yake mara nyingi inaila nafuu yote uliyoipata.

Ya Kichina ya bei ya chini

Kwa kawaida ni ya wati 1500 hadi 1800, diski ya mm 254, meza ya bati lililokunjwa au alumini nyembamba, miguu ya bomba. Mota zake nyingi si mbaya kama watu wanavyosema. Kinachoangusha ni vingine: fensi ya bati inayobanwa mbele tu na kuyumba nyuma ukiigusa kwa kidole, gurudumu la kupandishia diski lenye gia ya plastiki, na meza yenye bonde katikati. Kwa kuchana mabranda ya dari inafaa kabisa. Kwa droo na milango ya kabati utateseka.

Kama mfuko unakubali hiyo tu, inunue na uipe fensi nyingine. Chukua ubao mnyoofu wa mbao ngumu wa mm 40 kwa 70, au bomba la mraba la alumini, urefu uzidi meza kwa mm 60 mbele na nyuma, ulibane kwa G-klampu mbili. Utapima pande mbili kila mara, na hiyo ndiyo gharama yake. Nunua na kaboni brashi (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha) jozi mbili siku hiyohiyo kabla toleo halijabadilika. Zikibaki mm 5 au 6 zibadilishe, usisubiri cheche zijae kwenye matundu.

Ya kuchomelewa

Mashine ya fundi chuma wa mjini, yenye mota ya hp 3 na mkanda, si ya kubebeka, lakini inaingia kwenye ulinganisho kwa sababu wengi wanachagua kati yake na hizi. Kwa kuchana kutwa nzima mahali pamoja inashinda zote nne. Mota yake haina brashi, haipigi kelele, inavumilia saa nane za kazi. Ile ya fesi moja huvuta mkondo mara tano hadi saba inapowaka, kwa hiyo swichi kubwa ya nyumba inaweza kudondoka. Ubaya wake mkubwa ni kwamba karibu kila moja hutoka bila ulimi, yaani kile kibapa cha chuma nyuma ya diski, bila kifuniko, na swichi yake ni ya ukutani. Ukiagiza, sema mapema kwamba unataka ulimi huo na uulipie.

Ulimi, na mbao mbichi

Tunaukazia huu kuliko kitu kingine chochote. Mbao za paini na saiprasi nyingi zinauzwa zikiwa na maji. Utajua: zina uzito usio wa kawaida, na diski ikipita inarusha umande badala ya unga mkavu. Ubao wa namna hiyo ukichanwa unajifunga nyuma ya diski kwa sababu mvutano wa ndani umeachiliwa. Meno ya nyuma yanapanda juu, yanaunyanyua ubao na kuurusha kuelekea kwako kwa kasi kubwa. Wazee walichomeka kabari kwenye ufa. Ulimi ndiyo kabari iliyokaa hapo daima.

Unene wake una sheria: uzidi mwili wa diski, upungue kuliko upana wa mchano. Diski yenye mwili wa mm 1.8 na mchano wa mm 2.6 inataka ulimi wa mm 2.2 au 2.3. Ukinunua diski nyembamba ya mchano wa mm 2.0 ukaiweka kwenye mashine yenye ulimi wa mm 2.3, ubao utakwama katikati, na kijana atauondoa ulimi ili kazi iende. Kosa lilikuwa la diski.

Ukichana, diski ijitokeze juu ya ubao kwa mm 5 hadi 10. Simama kushoto kidogo kwa mstari wa diski kama fensi iko kulia. Kipande chembamba kuliko mm 100 kisukumwe kwa kijiti chenye pengo mwishoni. Usivae glavu, jino likiikamata inavuta mkono wote. Unga wa mbao ngumu usiupuuze pia: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1995. Barakoa na hewa inayopita.

Diski ya kununua

Ile inayokuja na mashine mara nyingi ni ya meno 24 au 40. Meno 24 ni ya kuchana, 40 ni ya kazi mchanganyiko, 60 hadi 80 ni ya plaiwudi na melamini. Kuchana mvule kwa diski ya meno 80 ni kuupika. Angalia tundu la katikati: matoleo ya Ulaya hutumia mm 30, ya Kichina mengi mm 25.4, ya Marekani inchi 5/8. Tundu kubwa linapunguzwa kwa pete ya chuma iliyokaa vizuri. Usifunge kwa bati lililokunjwa, diski itayumba. Ukinoa meno ya kabaidi kwa grainda ya kawaida unayaharibu. Yanahitaji jiwe la almasi na mashine inayoshika pembe.

Mashine za betri zipo, DeWalt DCS7485 ya volti 54 ikiwa mojawapo. Kwa fundi wa kumalizia anayezunguka saiti zisizo na umeme zinafaa, kama tayari ana betri za aina hiyo. Kwa kuchana mbao ngumu mfululizo, betri zitakuwa kwenye chaji muda mwingi kuliko kwenye mashine. Zipo pia za SawStop, ambazo diski husimama papo hapo ikigusa nyama. Mfumo huo unaweza kufyatuka kwa ubao uliojaa maji, jambo ambalo kwa mbao tunazouziwa lingetokea mara nyingi, na kila ukifyatuka unanunua breki mpya na pengine diski.

Nani achukue ipi

Fundi wa kumalizia anayehama na mashine juu ya gari la kukodi, akipanda nayo vihambani: DWE7485. Kilo 22 mtu mmoja anazibeba, na inchi 2 ndiyo kazi yake. Ishushe diski chini ya meza kabla ya kuibeba na uilaze kwa ubavu usio na magurudumu ya kurekebishia. Fundi wa makabati: DWE7492, bila kusita, kwa ajili ya upana na fensi. Milango na fremu nzito kwenye karakana yenye umeme mzuri, mashine ikihama mara chache: Makita MLT100. GTS 10 J tunaipendekeza kwa anayechana mbao za ujenzi zaidi ya shiti na akaipata kwa bei iliyo chini ya DeWalt kwa kiasi cha kueleweka. Mwendo wake mpole unapendeza kwenye mninga.

Dukani, kabla ya kulipa

Nenda na skwea, futi ya chuma iliyonyooka na vernia. Plagi ikiwa nje, pandisha diski juu kabisa. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja, lizungushe lifike mbele, pima kutoka kwenye ukuta wa mfereji wa meza (ule unaokwenda sambamba na diski) hadi kwenye jino hilo. Lizungushe jino hilo lifike nyuma, pima tena. Tofauti ya mm 0.1 au 0.2 ni nzuri, ikifika 0.5 na muuzaji hajui bolti za kurekebisha ziko wapi, waombe nyingine. Lazima liwe jino lilelile, maana ukipima meno mawili tofauti unapima kuyumba kwa diski.

Bana fensi, shika ncha ya nyuma, isukume kwa kidole gumba. Isicheze. Laza diski nyuzi 45, irudishe 90, weka skwea. Isiporudi palepale, kuna uchafu kwenye kizuizi cha nyuzi 90 au kizuizi chenyewe kimelegea. Laza futi ya chuma juu ya meza, kwa urefu na kwa mshazari, utazame mwanga chini yake. Shika diski kwa mikono miwili uivute huku na huku: ukisikia mguso, beringi au ekseli ina kasoro.

Mwisho ichomeke, iwashe, na ikiwa inazunguka chomoa plagi ukutani. Ngoja diski isimame, kisha rudisha plagi bila kugusa swichi. Mashine inapaswa kukaa kimya mpaka uiwashe tena. Huku kwetu umeme unakatika mtu akiwa katikati ya mchano, anaacha ubao mezani, anainama kuondoa kipande kilichokwama, na umeme unarudi. Ikiwaka yenyewe, irudishe rafuni.